Viini viwili ndani ya seli moja: je, mtoto atakuwa na kasoro?

Swali: Daktari, nina miaka 36, niko kwenye IVF (yai kurutubishwa maabara). Siku ya pili nimeambiwa viinitete vyangu (mayai yaliyorutubishwa) viwili kati ya vitatu vina seli zenye viini viwili viwili. Mtoto atazaliwa na Down, ile hali ya kuchelewa kukua kiakili? Nivitupe? Kuna mtu ananiuzia unga wa kusafisha mayai kabla sijajaribu tena.

Jibu: Dada, usivitupe, na unga huo usinunue.

Swali hili naletewa kila mara, na kosa ni lilelile: watu wanadhani kuhesabu viini ni kuhesabu kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya kiini. Hadubini ya maabara inaonyesha viini tu. Kromosomu zilizomo hazihesabiki kwa macho. Kromosomu 21 ya ziada, ile iletayo Down, mara nyingi hutoka kwenye yai lenyewe, kabla halijakutana na mbegu. Viini viwili vya siku ya pili si dalili yake.

Kilichotokea ni kwamba seli ilipogawanyika, kromosomu zake zilifungwa kwenye vifuko viwili badala ya kimoja. Katika hatua ya seli mbili hili ni la kawaida sana. Mgawanyiko unaofuata ukifika, kuta za viini huyeyuka, kromosomu hujipanga pamoja upya, na mara nyingi seli nne hutoka kila moja na kiini chake. Ni kweli viinitete vya namna hii vina nafasi ndogo zaidi ya kufika siku ya tano, lakini vingine hufika na kuzaa watoto wazima. Ngoja siku hiyo. Ukitaka jibu la kromosomu, kuna kipimo cha seli chache za tabaka la nje la kiinitete, na hata chenyewe si hukumu: mwaka 2015 madaktari wa Italia walirudisha viinitete vyenye mchanganyiko wa seli zisizo na kasoro na zenye kasoro kwa wanawake 18, sita wakajifungua watoto wenye afya.

Sasa huo unga. Mayai yako yalianza kupanga kromosomu zake ukiwa tumboni mwa mama yako. Hakuna mzizi wala kidonge kinachozipanga upya. Wanaouza "kusafisha kizazi" wanawala wanawake fedha na miezi, tena katika umri ambao miezi ndiyo inayouma. Na kituo kinachokuahidi kiinitete kisicho na kasoro kwa kutazama picha tu, kiogope vilevile.

Foliki asidi endelea nayo. Inakinga ubongo na uti wa mgongo wa mtoto.