Mwajiri anataka neno langu la siri: nimpe?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi South C, Nairobi. Nilimaliza chuo miaka mitatu iliyopita na sijapata kazi ya maana. Baba alishatangulia mbele ya haki, mama anauza mahamri. Mwezi uliopita niliitwa mahojiano kwenye kampuni moja huko Industrial Area, kazi ya hesabu. Mwishoni afisa akaniambia nifungue Facebook na Instagram mbele yake, halafu na meseji za ndani. Niliona haya, lakini nikafungua. Akawa anasogeza kwa kidole mpaka akafika kwenye mazungumzo yangu na dada yangu kuhusu ndoa yake inayoyumba, akayasoma. Sasa wameniita tena, na safari hii niende na neno la siri limeandikwa kwenye karatasi. Ustadhi mmoja ameniambia nikubali, kwa kuwa Waislamu hushika masharti yao, na asiye na la kuficha haogopi. Je, nimepata dhambi? Na nikatae?

JIBU: Wa alaykumussalaam warahmatullahi wabarakaatuh, mwanangu.

Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye kidole. Mwanamume asiyekuhusu anapitisha kidole chake juu ya machozi ya dada yako, na wewe umekaa mbele yake, mikono mapajani, unangoja riziki. Nakujibu kwa hadhara kwa sababu wewe si wa kwanza kuniletea jambo hili, na kwa sababu nimesikitika kwamba aliyekuhimiza ni mtu wa elimu.

Neno la siri usimpe. Haifai, na aliyekudai amekosa kuliko wewe.

Aya ya 12 ya Suratul Hujurat, "wala msipelelezane", sote twaijua, na huyo ustadhi pia anaijua. Anachosema ni kwamba palipo na ridhaa hapana upelelezi. Hapo ndipo alipoteleza. Ridhaa ya nani? Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba mtu akizungumza neno kisha akageuka kutazama, neno hilo ni amana. Yaani kule kugeuka tu, kuangalia kama yupo wa pembeni anayesikia, kumeshalifanya neno kuwa amana hata kama hakusema "usimwambie mtu". Dada yako hakuwa na haja ya kugeuka, kwa kuwa aliandika mahali alipoamini mpo wawili tu. Kwa hiyo hata ungeridhia kwa moyo mweupe, umeridhia kutoa kisichokuwa chako. Na hayo ni ya dada tu. Hatujataja shoga zako waliokutumia picha zao bila hijabu, wakijua wanamtumia mwanamke mwenzao.

Ama ile "Waislamu hushika masharti yao", ni hadithi, lakini ustadhi ameisoma nusu. Katika riwaya ya Tirmidhi maneno yanaendelea: isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Na katika kisa cha Barira, mjakazi ambaye mabwana zake waliweka sharti katika kumuuza, walichokipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha, Mtume (s.a.w.) alisema kila sharti lisilokuwamo katika Kitabu cha Allah ni batili, hata yakiwa masharti mia. Mwenye kazi ana haki ya kuweka saa za kuingia na kutoka. Hana haki ya kuweka sharti juu ya siri za watu ambao hata hawajaomba kazi kwake.

Na hili la "asiye na la kuficha haogopi" limenikera zaidi, kwa kuwa linazunguka midomoni mwa watu kama kwamba ni hadithi. Sahaba Sahl bin Saad anasimulia kuwa mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume ameshika kichanio akijikuna kichwa. Akamwambia: lau ningejua unanitazama ningekuchoma nacho jichoni, hakika kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya macho. Namuuliza ustadhi: mlikuwa na ovu gani la kufichwa katika nyumba ile? Mtu alikuwa anajikuna kichwa tu! Sitara ni haki ya mwema kabla haijawa kimbilio la muovu.

(Wapo wanaotumia hapa hadithi ya anayetazama barua ya ndugu yake bila idhini kwamba ni kama anayetazama motoni. Abu Daud mwenyewe aliyeipokea amesema njia zake zote ni dhaifu. Siitegemei, na zilizo sahihi zatutosha.)

Watasema mwajiri lazima amjue anayemwajiri. Naam, lazima. Binti wa yule mzee wa Madyan alisema mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu, mwaminifu, nayo ni aya ya 26 ya Suratul Qasas. Alimjuaje Musa (a.s.)? Kwa aliyoyaona kisimani waziwazi. Hakuna aliyemfungulia kifurushi chake. Mwajiri wa Nairobi anaweza kudai vyeti, wadhamini, cheti cha tabia njema cha polisi, na ukurasa wako ulio wazi kwa kila mtu autazame apendavyo. Hapo sina la kukutetea: ulichokianika hadharani umekianika. Lakini mtu wa hesabu anayeandika neno la siri kwenye karatasi na kumpa yeyote mwenye cheo, huyo ndiye wa kuogopwa na daftari za kampuni.

Hata sheria ya nchi iko nawe. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda mawasiliano yako, na inakataza kudaiwa habari za familia yako bila ulazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe huru, na sijui ni uhuru gani alionao binti aliyekaa miaka mitatu bila kazi. Huko Marekani, jimbo la Maryland lilipiga marufuku jambo hili tangu 2012. Ukitaka kushtaki, mlango ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kuhusu dhambi: ulibanwa, ukashtukizwa, na Mola wako ni Mwingi wa kusamehe. Leta istighfar. Lakini haki ya dada yako haifutwi na istighfar yako. Nenda kwake umwambie uso kwa uso, si kwa simu, asije akayasikia kwa mwingine. Atakasirika, mwache akasirike.

Usiku huu badilisha neno la siri. Usifungue akaunti nyingine ya kuwaonyesha, huo ni udanganyifu. Wakikuita waambie: "Ukurasa wangu wa wazi huu hapa. Meseji zina siri za watu, na siri za kampuni yenu nitazilinda vivyo hivyo." Wakikataa, aga kwa adabu uondoke. Najua nayasema haya nikiwa nimeshiba, na mama yako huamka kabla ya alfajiri kukanda unga. Lakini maadamu mahamri yake yanawalisha, hamjafika kwenye dharura inayohalalisha kilichokatazwa.

Na enyi wenye maduka na makampuni Eastleigh na mjini mnaosali safu ya mbele: nimesikia baadhi yenu mmeanza mtindo huu. Acheni.

Nakala za vyeti vyako, mwanangu, niletee Alhamisi baada ya Alasiri, uje na mama. Siwezi kukuahidi kazi. Nitawapa wafanyabiashara watatu ninaowaamini wazisome.

Wallahu aalam.