Mjomba mwandishi: aingie Wikipedia au bado?

Ndugu yangu, nimekuelewa: mjomba ana riwaya tatu, zinauzwa kwa wauza vitabu wa Posta, Dar es Salaam, na unataka aingie Wikipedia. Idadi ya vitabu haisaidii sana, wala ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), maana hiyo hupewa yeyote anayechapisha. Kinachotazamwa ni nani mwingine ameandika juu yake, kwa kina, bila kutumwa wala kulipwa naye.

Kwa hiyo shinda siku moja Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi. Uliza magazeti ya zamani, Mwananchi na Nipashe, ya miaka vitabu vilipotoka. Kisha panda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), upekue majarida yake mawili, liitwalo Kiswahili na liitwalo Mulika. Mhakiki mmoja aliyechambua riwaya yake kurasa kadhaa anazidi habari kumi za uzinduzi zenye picha ya mgeni rasmi akikata utepe (na hizo ndizo utakazozipata kwa wingi). Mahojiano yana uzito mdogo, kwani anajisemea mwenyewe. Tuzo inayojulikana, kama ile ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inasaidia kweli.

Ukipata chambuzi mbili tatu za kina namna hiyo, andika. Lakini wewe ni damu yake: utaje uhusiano huo kwenye ukurasa wa majadiliano, na rasimu aikague mhariri asiyemjua. Usipopata, subiri, makala isiyo na vyanzo huweza kufutwa.

Na akitokea mtu wa kukuambia utume laki mbili kwa simu akuwekee ukurasa usiofutika, usitume. Hakuna mwenye mamlaka hayo.