Doa jeusi unyayoni

SWALI: Shikamoo dokta. Mume wangu ni fundi seremala, tunaishi Mbagala. Ana doa jeusi kisiginoni tangu mwaka jana. Anasema ni msumari aliokanyaga, na kila mara hulichonga kwa wembe akidhani ni sugu. Sasa limetanuka, linatoa majimaji. Kwani na sisi weusi tunapata saratani ya ngozi?
Mama Rehema

JIBU: Marahaba, Mama Rehema. Tunapata. Tena kwetu melanoma, aina ya saratani ya ngozi, hupenda kujificha nyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali ambapo jua halina kesi. (Jua ni adui wa ndugu zetu wenye ualbino, na hiyo mada nitairudia.) Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole cha mguu, ikadhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki 1981, ana miaka 36.

Sisemi mumeo anayo. Yaweza kuwa damu iliyovilia, lakini damu hufifia kadiri ngozi inavyokua. Lake linatanuka na kuchuruzika, na hilo silipendi hata kidogo. Wembe auache leo. Tazama kingo: zimepindapinda? Rangi zimechanganyika, nyeusi na kahawia? Limepita milimita 6? Hata ukijibu hapana kote, kidonda kisichopona kinatosha kumpeleka.

Aanzie kituo cha afya, aombe rufaa ya kliniki ya ngozi Muhimbili. Watakata kinyama kipimwe maabara. Ikigundulika mapema, mara nyingi upasuaji huimaliza. Dawa za sugu za dukani msinunue.