Leica ya dhahabu ya Olimpiki 1936? Toa lenzi kwanza uchungulie ndani

Mkuu usitume hiyo hela. Kamera ya Leica ya dhahabu, ngozi ya nyoka, imeandikwa Olimpiki Berlin 1936, euro 600, na wewe unauliza uanze na film ya ISO ngapi na wapi wanasafisha... film ya nini sasa, kamera yenyewe kanyaboya! Leitz, Wajerumani waliotengeneza Leica, hawakuwahi kutoa toleo hilo. Hizo ni Zorki na FED, kamera za Soviet zilizoiga Leica, mtu kakwangua maandishi ya Kirusi kachonga jina la Leica, nyingine wanaongeza na tai wa Nazi ili bei ipande. Soviet ilipovunjika zikamwagika kwenye masoko ya Ulaya.

Yangu niliichukua hapa hapa Berlin kwenye soko la vitu vya zamani, muuzaji mzee mpole anasema ilikuwa ya babu yake. Huyo babu alikuwa na kamera nyingi sana maana baadaye nikaikuta nyingine mezani pale pale. Ila mzee simlaumu, yule yupo kazini. Ninayemlaani mpaka kesho ni jamaa wa grupu letu la whatsapp anayejiita mtaalamu, nilimtumia picha akajibu "cheki serial namba, ikiwepo kwenye listi ya Leica ni orijino, lipia". Nikacheki, namba ipo, mwaka unakubali, nikalipia na hela ya kodi ya nyumba. Jamani, mtu aliyeweza kuchonga jina zima la Leitz atashindwa tarakimu sita? Listi iko wazi mtandaoni, anajichagulia tu kama nyanya sokoni.

Na ilikuwa ni kutoa lenzi tu. Ni ya skrubu, izungushe itoke, chungulia ndani kwa juu utaona kimkono kinachogusana na lenzi kupeleka umbali kwenye renjifaida, yaani kipima umbali cha kamera. Cha Leica ncha yake ni kigurudumu cha duara, kinazunguka. Cha FED na Zorki ni kiulimi kama kabari, hakizunguki. Fundi alipoitoa ya kwangu alicheka sana halafu akanilipisha.

Nawaelewa wanaoumwa na haya matoleo, Luxus ya kweli, yaani Leica ya dhahabu ya kiwandani, ya miaka ya 1929 hadi 1931 hazikufika hata 100, chuma tupu, haina betri, na ikitunzwa mpaka leo inapiga, ndo maana mnadani inafika bei ya nyumba. Sasa kitu cha bei ya nyumba kije kwako kwa 600? Na usinambie imekuja na sanduku la mbao, hata yangu ilikuja nalo.

Ipo kabatini, wife anaiita dhahabu ya Kariakoo. Picha inatoa nzuri tu bwana, Zorki sio mbaya ukiinunua kwa bei ya Zorki.

Mwambie muuzaji atoe lenzi, apige picha ya ndani akutumie leo hii. Akianza oh imeganda, oh haijafunguliwa miaka mingi, mwachie kamera yake.