Elementi Ikikosekana, Acha Pengo Lionekane

Msomaji mmoja kaniandikia juzi: "Kaka, skripti yangu ya Python ya kuvuna data kwenye kurasa za wavuti inakata njiani, eti NoneType haina text. Nimeizungushia `try`, chini nikaweka `except: pass`, sasa imetulia. Niko sawa?"

Hauko sawa, ndugu yangu. Umeinyamazisha tu: `except: pass` inalimeza kosa lolote bila kukuambia.

Kosa lenyewe ni jepesi. `find()` ya BeautifulSoup, maktaba ya Python ya kuchambua HTML, isipopata elementi (kipande cha ukurasa, kama aya au kiungo) inarudisha `None`, yaani hakuna kitu, nawe unaiomba `None` maandishi. `select_one()` ni vivyo hivyo. `find_all()` inarudisha orodha tupu, ukidai `[0]` unapata IndexError. Basi chukua elementi kwanza, uliza kama ipo, ndipo usome maandishi yake. Kwenye viungo andika `a.get("href")` badala ya `a["href"]`, ambayo hukata njiani `href` isipokuwepo. Hapo nimemaliza, maana kosa linalopiga kelele halijawahi kunikosesha usingizi.

La kimya ndilo baya. Kuna timu niliwahi kufanya nayo kazi ya kuvuna majina na bei za bidhaa. Aliyekuwa juu yangu alikusanya majina yote kwenye orodha moja, bei zote kwenye nyingine, akaziunganisha kwa `zip()`, inayopanga la kwanza na la kwanza, la pili na la pili. Nikamwambia bidhaa iliyoisha haina bei ukurasani, kwa hiyo bei zote za chini yake zitapanda ngazi moja. Akacheka mbele ya watu, akasema mimi napenda tu kurefusha skripti. Yangu ilikuwa ndefu kweli: ilipita kisanduku kimoja kimoja cha bidhaa, yaani elementi inayobeba bidhaa moja, ikatafuta jina na bei ndani ya kisanduku hicho hicho, penye pengo ikaandika `None`. Mteja alipogundua bei za watu zimehamia kwa majirani, ni yangu iliyotumika. Samahani sijaisikia hadi leo, na sijifanyi nimesahau.

`zip()` huishia kwenye orodha fupi bila kukuambia. Tangu Python 3.10 unaweza kuongeza `strict=True` ikagoma urefu ukitofautiana, lakini jina moja likikosekana huku na bei moja kule, urefu unalingana na data bado imepishana. Kisanduku kwanza, jamani. Nasema tena, kisanduku kwanza!

Halafu acheni kujaza 0 pasipo na bei. Sifuri ni bei, itaingia kwenye wastani na kuushusha. Mnapenda majedwali yasiyo na mashimo, mnamdanganya nani?

Ila kama kila kitu kinakosekana, chapisha `response.text`, yaani HTML uliyopokea, uisome. Huenda umepewa ukurasa wa kukuzuia, au data inaletwa na JavaScript, ambayo `requests`, maktaba inayokuletea ukurasa, haiiendeshi. Na usiamini sana zana za kivinjari: `tbody` (tagi ya mwili wa jedwali) unayoiona humo mara nyingi imeongezwa na kivinjari chenyewe, haimo kwenye HTML uliyopokea. Ukiitafuta kwa `html.parser`, kichambuzi cha HTML kinachokuja na Python, utaambulia `None` kwa kitu unachokiona kwa macho.