Bajeti ya kwanza ya usharika: anza na daftari la sadaka

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Umeuliza uanzie wapi, kwa kuwa umepokea usharika wa kijijini juzi tu na wazee wa kanisa wanataka makadirio ya mwaka ujao.

Usianze na mahitaji. Kaa na mhazina, mfungue daftari la sadaka la miaka 3 iliyopita, mjumlishe mwezi kwa mwezi. Penye msimu mmoja wa mahindi utaona sadaka inapanda wakati wa mavuno na kushuka msimu wa mvua, watu wanapohangaikia mbolea. Kwa hiyo posho ya mwinjilisti ya Februari itengwe tangu Julai. Debe la mahindi na kuku vinavyonadiwa baada ya ibada navyo ni mapato: viandikwe siku hiyohiyo, wawili wahesabu, wote wasaini.

Mchango wa kupeleka dayosisi utenge mwanzoni kabisa. Fedha za ujenzi ziwe na akaunti yake. Nimeshuhudia fedha ya mabati ikiishia kwenye nauli za semina, na waumini wakaacha kutoa. Iliniuma sana.

Makadirio yakipita, yasome kanisani, pamoja na mshahara wako.