Kufuta nguzo ni rahisi, kazi iko kwenye kivuli chake

Siku hizi programu ya kufuta vitu kwenye picha haitafutwi kwa tochi. Snapseed ipo bure kwenye simu, na ndani yake kuna Healing, zana ya kufuta madoa na vitu vidogo. Kwenye kompyuta GIMP nayo ni bure, na Photopea inafunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote. Photoshop, ambayo unailipia kila mwezi, ina Content-Aware Fill, inayojaza pengo kwa kuangalia vilivyo jirani, tangu 2010, na mwaka 2023 ikaongezewa Generative Fill inayotumia akili mnemba. Magic Eraser ya Google ilianza na simu za Pixel 6 mwaka 2021, na sasa wenye simu nyingine wanaipata kupitia Google Photos. Kwa hiyo anayeniuliza atumie ipi, namjibu: hiyo uliyonayo.

Picha nyingi ninazotumiwa nizitazame zimeharibika kwa sababu nyingine. Mwenye picha amesahau kwamba kila kitu kina wafuasi wake.

Chukua ufuko wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, jua linachomoza baharini. Mtu kasimama kati yako na jua, maji yametoka, mchanga umelowa na unang'aa. Kwenye picha kuna yeye mwenyewe, kuna kivuli chake kirefu kinachokuja upande wako, kuna taswira yake kwenye ule mchanga uliolowa, na kuna nyayo zake. Ukimfuta yeye ukaacha hivyo vingine, mtazamaji hatajua kilichokosekana, ila atajua kuna kilichokosekana. Zungushia vyote kwa pamoja kabla hujabonyeza, na uache nafasi kidogo pembeni. Usibane mstari kwenye ngozi ya mtu. Zana za akili mnemba ndizo zinazokuumbua zaidi hapa: ukiziachia kivuli, mara nyingi zinazua kitu cha kukihalalisha, gogo au jiwe, au mtu mwingine kabisa ambaye hajawahi kufika Paje.

Nyaya za umeme ni somo jingine, na kwa sisi tunaopiga Kilimanjaro kutokea upande wa Moshi ni somo la kila siku. Asubuhi mapema kilele cha Kibo kiko wazi, mawingu hayajapanda, na katikati ya picha zimepita nyaya tatu. Sehemu iliyo angani haina shida. Kwenye Photoshop chukua Spot Healing Brush, fanya brashi iwe pana kidogo kuliko waya, bonyeza mwanzo wa kipande, shika Shift, bonyeza mwisho wake. Itachora mstari ulionyooka. Waya hulegea katikati, kwa hiyo nenda kwa vipande vifupi.

Shida inaanza waya unapokutana na kitu: ukingo wa theluji, paa la bati, majani ya mgomba. Hapo ndipo wengi wanapata doa la kijivu kama masizi na hawaelewi limetoka wapi. Limetokana na namna Healing inavyofanya kazi. Inachukua umbile la sehemu uliyoichagua, au iliyojichagulia yenyewe kama ni Spot Healing Brush, kisha inalinganisha rangi na mwanga na vilivyo jirani. Jirani akiwa paa jeusi, weusi unavutwa hadi angani. Zana nyingine, Clone Stamp, hailinganishi chochote, inanakili kama ilivyo. Ndiyo maana angani natumia Healing, na ninapokaribia ukingo nahamia Clone Stamp yenye brashi ngumu kiasi, picha nikiwa nimeikuza hadi asilimia 200. Chanzo, yaani sehemu ninayonakili, nakichukua kwenye ukingo uleule, mbele au nyuma kidogo ya waya, ili mstari wa paa uungane na mstari wa paa. Kwenye Photoshop chanzo unakichagua kwa kushika Alt, kwenye GIMP ni Ctrl. Majani ya mgomba yatakuchosha hata hivyo. Kuna wakati naacha waya upite nyuma ya majani nikaondoa ule wa angani tu, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Jambo ambalo halielezwi vya kutosha ni mahali pa kuchukua chanzo. Anga haina rangi moja. Karibu na upeo wa macho imepauka, ukipanda juu inakoza. Ukichukua kipande cha juu ukakibandika chini, utaona kiraka hata kama ni anga juu ya anga. Chukua pembeni, kimo kilekile. Baharini ni vivyo hivyo, kwa sababu mawimbi ya karibu ni makubwa na ya mbali ni mistari. Nyasi za mbuga pia. Halafu usichukue chanzo kimoja mara nyingi, utazaa mawingu mapacha. Ili kuwabaini, igeuze picha kushoto iwe kulia, kisha iangalie ikiwa ndogo kama itakavyoonekana kwenye simu.

Kwenye Photoshop, fanya haya yote kwenye leya mpya iliyo tupu, yaani tabaka linalokaa juu ya picha, na kwenye Sample uchague Current & Below; kwa Spot Healing Brush, weka tiki kwenye Sample All Layers. Ukikosea unafuta ulichopaka, picha ya asili iko salama chini. Snapseed haikupi leya za namna hiyo, kwa hiyo fanyia kazi nakala. Na kabla ya kugusa Healing yake, kuza picha kwa vidole viwili, maana kidole ndiyo brashi: ukikuza picha, eneo unaloligusa linakuwa dogo.

Vidoa vya mviringo angani ukipiga kwa tundu dogo la lenzi, f/16 au f/22, ni vumbi kwenye sensa, kile kipande kinachonasa picha ndani ya kamera. Vifute, kisha kamera ipelekwe kusafishwa.

Watu wanaotembea unaweza kuwaondoa bila kupaka brashi hata kidogo. Weka kamera kwenye stendi, piga picha kadhaa ukiacha muda kidogo kati ya moja na nyingine, zipakie kwenye Photoshop kama leya, zigeuze kuwa Smart Object moja (kifurushi kimoja chenye picha zote), kisha chagua Median kwenye Stack Mode. Kisichokaa mahali pamoja kwenye zaidi ya nusu ya picha kinatoweka. Pale maporomoko ya Materuni, karibu na Moshi, ambako wageni hawaishi kupanda mawe, njia hii inasaidia sana, ingawa maji nayo yatalainika kama maziwa. Wapo wanaoyapenda hivyo. Mimi siyapendi.

Kuhusu nini kifutwe, kanuni yangu ni nyepesi: mfuko wa plastiki, gari lililopita, mgeni aliyeingia kwenye fremu, hivyo naondoa bila kufikiri. Kilicho cha mahali pale nakiacha, au najadiliana kwanza na mwenye kazi. Jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zitoshe kwenye jalada la Februari 1982, na bado linasemwa. Shindano la picha za wanyamapori la Wildlife Photographer of the Year halikubali kuondoa wala kuongeza kitu, na picha zinazofika mbali huombwa faili zake ghafi (RAW), kama zilivyotoka kwenye kamera. Ukifikiria kushiriki, hifadhi mafaili yako na uachane na Clone Stamp.

Mwenye nyumba ya wageni huko pwani ya mashariki ya Unguja aliwahi kunitaka nifute vijiti vya mwani kwenye picha za tangazo. Vijiti vile ni mashamba, wengi wanaoyalima ni akina mama wa kijiji, na mgeni akifika atavikuta. Nilimwambia nitarudi maji yakijaa, vijiti vikiwa vimefunikwa, akakubali. Kati ya kupwa na kujaa ni saa sita na dakika kidogo. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupanda juu zaidi na kufunika vizuri zaidi, kwa hiyo kazi ya ufukweni naipanga kwa kalenda ya mwezi, kabla hata sijachaji betri.